Ukifika Matuu, Uulize Mishiri

Ukitoka Nairobi, ukapita Thika na kushika barabara iendayo Garissa, utaona nchi ikizidi kukauka: migunga, vumbi na mbuzi kando ya njia. Kisha, karibu na mji wa Matuu, unakutana na mashamba ya kijani kibichi. Usishangae. Hiyo ni kazi ya mfereji wa Yatta, uletao maji ya mto Thika. Ulichimbwa miaka ya 1950 kwa jasho la wafungwa wa serikali ya kikoloni, wakati wa Hali ya Hatari.

Hapa hukuzwa mishiri, yale maharagwe membamba yaliwayo mabichi pamoja na maganda yake. Mengi hupanda ndege kwenda Uingereza, Ufaransa na Uholanzi. Na mnunuzi wa huko hana mchezo! Ganda la daraja la juu kabisa halizidi unene wa milimita 6. Mkulima akichelewa kuvuna siku mbili tu, ganda linanenepa, linakataliwa, na taabu ya miezi miwili inaishia kinywani mwa ng'ombe. Mwaka 2013 mambo yalizidi kuwa magumu, Umoja wa Ulaya ulipoamua kupima shehena moja kati ya kila kumi kutoka Kenya ili kutafuta mabaki ya dawa za wadudu.

Wewe msomaji huna wa kukukatalia. Nunua mbegu kidogo, na hata ukiwa na kiwanja cha nyuma ya nyumba tu, huko Buruburu, kinatosha. Changanya udongo na samadi iliyooza vyema. Panda papo hapo, si kitaluni, kina cha sentimita 3 hivi, ukiacha sentimita 10 kati ya mche na mche na 30 kati ya mistari. Usirudie mahali palipokuwa na maharagwe msimu uliopita. Mwagia maji shinani, asubuhi. Majani yakilala na maji huandamwa na kutu.

Baada ya wiki saba au nane, maganda yatakuwa tayari. Vuna kila baada ya siku moja au mbili, kwani mmea ukiachiwa maganda yakomae huacha kuzaa mengine. Jaribu moja kwa vidole: likivunjika kwa mlio, teleka sufuria.