Wekundu wa Majani ya Majini

Rangi nyekundu ni ghali katika maji. Mimea ya kijani hukua hata katika tangi la samaki lililosahauliwa. Lakini mimea ya mashina membamba na majani mekundu hudai haki zake zote, na ikinyimwa moja hupauka, hudumaa au huoza. Nimeitunza hapa Malindi kwa miaka kadhaa, katika tangi la kioo la lita 60, na niliyoyaona katika kazi hiyo nadhani yafaa kusimuliwa kwa vijana.

Mmea niupendao kuliko yote huitwa Rotala macrandra. Asili yake ni kusini mwa Bara Hindi, nao ni wa jamii moja na mhina na mkomamanga. Basi, ingawa ni mgeni katika maji yetu, jamaa zake ni wenyeji wa siku nyingi katika nyua zetu. Wekundu wake hutokana na rangi iitwayo anthosayanini, ambayo huongezeka majani yapigwapo na mwanga mkali, mfano wa mtu ajitandaye kanga juani. Rangi hiyo huificha klorofili, iliyo chanzo cha kijani. Mwanga ukipungua, mmea huona hauna haja ya vazi, ukalivua.

Haki ya pili ni hewa. Mwaka 1779 Jan Ingenhousz alionyesha kwamba mimea ya majini hutoa mapovu ya hewa safi ikiwa juani, na huacha kuyatoa gizani. Kazi hiyo yahitaji kaboni dayoksaidi, nayo hupenya majini kwa mwendo mdogo mara 10,000 hivi kuliko hewani. Mimi huipata kwa sukari, maji na hamira ndani ya chupa iliyofungwa, yenye mpira mwembamba uendao hadi tangini.

Haki ya tatu, iliyo ngumu kwetu watu wa pwani, ni maji yenyewe. Visima vyetu vingi vimechimbwa katika mawe ya matumbawe, na maji yake yana chokaa nyingi. Atakaye ushahidi na adondoshe siki juu ya kipande cha jiwe hilo, litatoa povu. Katika maji ya namna hiyo madini ya chuma hugeuka kutu, mmea usiweze kuyanywa. Kwa sababu hii nilichagua maji ya mvua, niyakingayo paani wakati wa masika na vuli. Chini ya mchanga hutandaza udongo mwekundu, kwa kuwa mahali pasipofika hewa chuma chake huyeyuka, mizizi ikakipata. Joto la kaskazi nalo hulipunguza kwa kuliacha tangi wazi upeponi, maana maji yageukayo mvuke huondoka na joto.

Kila juma hutoa lita 20 za maji na kutia mapya. Lita 20 ni dumu moja. Siku moja bibi jirani yangu, aliyekulia upande wa Ganze, alinitazama nikilimimina, akaniuliza, “Mwanangu, samaki huliwa. Majani haya huliwa na nani?”

Nikamjibu, “Bibi, haya huliwa na macho.”

Akasema, “Macho yana njaa, kweli. Lakini dumu hilo nimelibeba kichwani tangu utoto, nami najua uzito wake.”

Sikuweza kumpinga. Uzuri ni haki ya mwanadamu, lakini kiu hutangulia. Toka siku ile maji nitoayo tangini humwagilia mchicha wake na pilipili zake, na kwa kuwa yana uchafu wa samaki, mboga huyafurahia kama mbolea. Ukame wa 2021 na 2022 ulipoikaza Kilifi, niliwapa rafiki samaki wangu, nikalikausha tangi, nikayaacha maji ya paani kwa matumizi ya nyumba zetu mbili. Vikonyo vya mmea nilivipanda katika chungu cha tope, nikivinyunyizia kikombe kimoja kwa siku. Huko vilitoa majani madogo, magumu, ya kijani. Mvua iliporudi nilivizamisha tena. Majani yale yakaoza, na juu yake yakachipuka mapya, mekundu kama mbegu za komamanga. Mmea uliodai haki zote wakati wa neema uliweza kuishi kwa kikombe wakati wa dhiki.

Liko neno moja zaidi kwa kijana atakayeijaribu kazi hii. Vikonyo unavyokata usivitupe mtoni wala kidimbwini. Gugu maji lilitoka Amerika ya Kusini, likatembezwa duniani kwa sababu ya uzuri wa maua yake. Karibu na mwaka 1990 likaonekana katika Ziwa Viktoria, likafunga njia za mitumbwi na kuwanyima wavuvi riziki. Mabaki yangu huyaanika juani hadi yakauke kabisa, kisha huyafukia chini ya mchicha wa bibi. Apendaye kitu kizuri hana budi kujua kinakotoka, kinakula nini, na kitakwenda wapi mkono wake ukikiacha.