Upenyo wa Katikati

Uwanja wetu wa mpira wa kikapu ulikuwa wa saruji iliyopasuka, chini ya milima ya Uluguru. Nilikuwa mwanachuo wa ualimu hapa Morogoro, tena nahodha wa timu, na nilikuwa nimeazima maktaba kitabu cha Kiingereza kuhusu mchezo huo. Kitabu kilinipa kiburi kuliko maarifa.

Siku moja wapinzani wetu waliacha kukaba mtu kwa mtu, wakakaba eneo: wawili mbele, watatu nyuma, kila mmoja akilinda sehemu yake. Sisi tulizoea kudunda mpira na kumpita mkabaji. Safari hii ukimpita mmoja, unaangukia mikononi mwa mwingine. Nikaanza kupaza sauti kwa istilahi za kitabuni. Mwenzetu mmoja, kijana wa Mgeta, alinitazama tu, asijue aende wapi. Nilimkaripia mbele ya watazamaji, nikamwita mzito wa kuelewa. Tukafungwa.

Jioni alinijia bwenini. Hakunilaumu. Alisema, "Ndugu Nahodha, nionyeshe unachokitaka." Nikapanga vizibo vya soda mezani, viwili mbele na vitatu nyuma, kisha nikaweka kidole kati ya safu hizo, karibu na mstari wa mitupo huru. Akacheka.

"Kumbe wataka nisimame kwenye upenyo!"

Neno moja lilibeba ukurasa mzima. Mpira hukimbia kuliko miguu. Hivyo dhidi ya ukabaji wa eneo, pasi hutangulia kudunda. Pasi zikihama upande hadi upande, wakabaji huhama nazo na kuachana. Ndipo mmoja anapopokea mpira kwenye upenyo wa katikati. Wa mbele wakimrudia, anautoa nje kwa mtupaji aliye huru. Wa nyuma akimjia, anampenyezea mwenzake aliye chini ya kikapu. Nao wakabaji wakijikusanya kuuziba upenyo huo, wanafungua mwingine pembeni.

Niliikumbuka meza ile niliposoma habari za Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam mwenye urefu wa zaidi ya mita mbili, aliyechezea Chuo Kikuu cha Connecticut. Tarehe 12 Machi 2009 timu yake ilipambana na Syracuse ya kocha Jim Boeheim, aliyesifika kwa ukabaji huohuo wa wawili mbele na watatu nyuma. Muda wa nyongeza ulichezwa mara sita, na Syracuse wakashinda kwa 127 dhidi ya 117. Mbele ya ukabaji huo hata mrefu kama Thabeet hana budi kungoja mpira upenyezwe. Urefu peke yake hauufikishi mkononi.

Baadaye, nilipofundisha ushairi sekondari, nilichora kwanza, istilahi zikafuata. Niliugawa mshororo wa mizani 16 ubaoni, 8 kwa 8, nikauliza wanafunzi wanaona nini katikati. Wengi walikiona kina cha kati kabla sijakitaja jina.

Kijana wa Mgeta sikumwomba radhi usiku ule. Nilidhani kuelewana kumetosha. Deni hilo ninalo hadi leo. Nimejaribu kulilipa kwa wengine: kila mwanafunzi aliponyamaza mbele yangu, nilijiuliza kwanza kama neno nililotumia ndilo lililomfungia mlango.