Kitanda cha Chini

Julai, Mpapura hunuka salfa. Mabomba ya kupulizia mikorosho huanza kunguruma alfajiri, umande ungali majanini ili unga ushike, na jua likipanda vumbi la njano huwa limeshatua hadi kwenye vizingiti vya milango. Gati liko Mtwara mjini. Huku ni mikorosho na mihogo. Lakini kwenye baraza nilipokaribishwa uji, watu walikuwa wanabishana kuhusu meli.

Mjukuu wa nyumba hiyo ni mwalimu Bukoba na amepata mchumba huko huko. Ukoo unakwenda harusini: basi hadi Dar es Salaam, basi tena hadi Mwanza, kisha usiku mmoja ziwani katika MV New Victoria Hapa Kazi Tu, meli ya mwaka 1961 iliyorudi kazini mwaka 2020 baada ya ukarabati mkubwa. Safari ya basi haikuwa na mjadala. Ubishi ulikuwa wa vitanda. Daraja la kwanza liko juu na bei yake iko juu vilevile. Daraja la pili kulala liko chini, na pesa iliyochangwa inatosha hilo.

"Chini ni kwa mizigo," alisema mjomba, na huku Kusini mjomba akisema ni nadra kupingwa.

Bibi alimpinga. Yeye alizijua meli tangu enzi ambazo Mtwara ilikuwa kama kisiwa. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, Mto Rufiji ulivukwa kwa kivuko pale Ndundu, na masika yakikolea barabara ilikufa kabisa. Aliyekuwa na mgonjwa au mwanafunzi wa kupeleka Dar alishuka bandarini akapanda meli.

"Mara ya kwanza nilikaa juu, nikasema nipate upepo," alituambia. "Wakati wa kwenda, salama. Kurudi, kusi limetukabili usoni, nilitapika mpaka nikaona nyongo. Mara ya pili nikashuka tumboni. Si tezi, si omo, katikati. Joto lilikuwepo, na harufu ya dizeli, lakini mtoto alilala na mimi nikalala."

Bibi hakusoma uhandisi, lakini aliloligundua ndilo wanalolijua mabaharia wote. Meli inapoyumba hucheza kama pembea: karibu na mhimili wake, yaani katikati na si mbali na usawa wa maji, mwendo ni mdogo; kadiri unavyopanda juu au kusogea kwenye ncha, ndivyo unavyorushwa. Hata kwenye meli kubwa za kitalii, kama Norwegian Dawn iliyotia nanga Dar es Salaam Januari 2023, vyumba vya chini visivyo na dirisha huwa vya bei nafuu, na wazazi wenye watoto wengi huvichukua wakijua kwamba mchana kutwa watakuwa nje. Dirisha ni kitu kizuri, lakini usiku kwenye maji halina la kukuonyesha. Mimi niko upande wa bibi.

Mjomba alisubiri tumalize. Kisha akasema neno moja tu: "Bukoba." Hakuwa akiutaja mji.

Hapo baraza lote lilinyamaza, hata vijana ambao mwaka 1996 walikuwa hawajazaliwa. MV Bukoba ilipinduka tarehe 21 Mei mwaka huo ikiwa imekaribia Mwanza, imejaza watu kuliko uwezo wake. Waliokuwa ndani walinasa. Waokoaji wakakata tundu kwenye sehemu ya meli iliyokuwa ingali juu ya maji ili wawatoe, hewa iliyokuwa ikiishikilia meli ikatoka, nayo ikazama. Mtanzania wa umri wangu akisikia "chumba cha chini" huliona tundu lile kabla ya kuona kitanda.

Hofu hiyo siibezi. Aliyelala chini ana ngazi nyingi za kupanda kuliko aliyelala juu, na hilo hakuna hesabu ya pembea inayolifuta. Ila MV Bukoba haikupinduka kwa sababu kulikuwa na watu wamelala chini; ilikuwa imejazwa kupita uwezo wake. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza bei ya kitanda, abiria aangalie kama watu na mizigo wanahesabiwa langoni. Pakionekana fujo hapo, hata chumba cha juu kabisa kisimshawishi kupanda.

Mwishowe waligawana. Bibi na watoto watalala chini. Mjomba atakata kiti cha juu na kukesha, jambo ambalo nadhani angelifanya hata angepewa chumba cha nahodha. Bibi alitoa sharti moja, nami ninalikabidhi kwa yeyote anayesafiri na familia kwenye maziwa yetu au baharini: ukishaweka mizigo, kabla meli haijang'oa nanga, wachukue watoto mtembee kwa miguu kutoka kitandani hadi kwenye mlango wa nje, kisha mrudi, na kila mmoja aguse kwa mkono wake mahali zilipo jaketi okozi. Na unapokata tiketi, omba chumba cha katikati, mbali na injini. Karani asipojua kiko wapi, mwombe amuulize anayejua, usilipe kwanza.