Migomba ya Kinole Ilivyolisha Kiwanda

Nikimsikia mtu anasema viwanda vya Morogoro vilikufa kwa uvivu na wizi wa wafanyakazi, hasira hunipanda. Wezi walikuwepo, sikatai. Majora yalivushwa ukutani usiku na kila mtu alijua. Lakini mimi nilikuwa mfumaji katika kiwanda kimoja cha nguo mjini humo miaka ya 1980, na najua tulichokuwa tunakikuta tukiingia shifti.

Tulikuta mashine zimelala. Mkanda umekatika, mkanda unatoka ng'ambo, na ng'ambo wanataka dola. Nchi ilikuwa imetoka kwenye vita vya Kagera, bei ya mafuta imepanda, fedha za kigeni hakuna. Basi fundi mkuu wetu alikuwa akizunguka ukumbini asubuhi na spana mkononi, akichagua mashine ya kuchinja. Anaivua vipuri ili nyingine zitembee. Ile iliyovuliwa haikurudi tena kazini, na safu ya mashine zilizobaki mifupa ilikuwa inarefuka mwaka hadi mwaka.

Hata zilizotembea zilitutesa. Uzi ukikatika, mashine husimama. Unaingiza mkono katikati ya maelfu ya nyuzi, unatafuta ncha mbili, unazikutanisha juu ya kidole gumba na kufunga fundo dogo kuliko punje ya ulezi, maana likiwa kubwa halipiti kwenye tundu la chuma linaloongoza uzi. Ndiyo maana uzi hupakwa wanga kabla ya kufumwa, na hewa ya ukumbini hutiwa unyevu: uzi mkavu hukatika ovyo. Wanga ukiadimika, maji yakikatika, mtu anashinda akifunga mafundo, na saa ya kutoka ikifika kitambaa hakijafika nusu ya kipimo. Halafu msimamizi anaandika kwamba uzalishaji umeshuka. Tuliongea kwa mikono na midomo kwa sababu ya kelele, na sikio langu la kushoto halijapona mpaka leo.

Na nguo ilikuwa lulu wakati huo! Watu walipanga foleni tangu alfajiri kwenye duka la RTC, kampuni ya biashara ya mkoa, wapate doti moja ya khanga, sisi tukiwa ndani ya kiwanda cha nguo tunasubiri mkanda.

Mwaka 1983 mshahara ulianza kuchelewa, na safari nyingine tulipewa kitambaa badala ya fedha. Ule ndio mwaka wa vita dhidi ya wahujumu uchumi, chini ya Waziri Mkuu Sokoine. Kubeba jora barabarani ilikuwa hatari. Nilisimamishwa na mgambo nikielekea Mkuyuni, na kilichoniokoa ni kikaratasi chenye muhuri wa kiwanda nilichokuwa nimekikunja ndani ya soksi.

Nilikuwa nakwenda Kinole, kwetu, kwenye milima ya Uluguru. Huko ardhi hufuata ukoo wa mama, na mjomba ndiye aliyekuwa na kauli juu ya migomba yetu. Nilimpa kitambaa, naye akanikatia mikungu ya kutosha kulisha nyumba yangu mjini mpaka mwisho wa mwezi. Tukifunga mzigo, akaniuliza, "Mpwa wangu, hapa nani kamwajiri mwenzake? Wewe unafanya kazi kwao, halafu mimi ndiye ninayekulisha."

Sikuwa na jibu. Wengi katika shifti yetu walikuwa watoto wa mlima, wa Matombo, Mgeta, Kinole. Mshahara ukichelewa tulikula ndizi, maharage na magimbi ya mama zetu, kesho yake tukaingia kazini. Gharama hiyo haikuandikwa katika daftari lolote la kiwanda. Wakulima wa Uluguru walikiweka hai kwa miaka kadhaa bila mtu kuwashukuru.

Haikuwa kwetu tu. Viwanda vya nguo vya Mwatex huko Mwanza na Mutex huko Musoma vilikuwa na kilio hichohicho, na hapo hapo Morogoro kiwanda cha viatu kilichojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia hakikuwahi hata kukaribia uwezo wake. Mwaka 1986 shilingi ilishushwa, dola ikatoka karibu shilingi 17 hadi 40, na kila deni la mashine likapanda papo hapo. Mitumba nayo ilikuwa imeshaingia sokoni. Shati la mtumba lilikuwa rahisi kuliko letu, na siwalaumu walionunua. Watoto wangu pia walivaa.

Miaka ya 1990, ubinafsishaji ulipoanza, tulipewa barua za kuachishwa kazi. Mimi nilirudi Kinole, nikapewa kipande cha shamba. Waliotoka mbali ndio walioumia. Fundi mkuu alikuwa Msukuma wa Shinyanga, mtu aliyeweza kuchonga gia kwa tupa ikakaa sawasawa, na mlimani hakuwa na mjomba. Alipanga chumba Mwembesongo akatengeneza baiskeli huku akisubiri mafao. Sisi wa shifti yake tulipeana zamu ya kumshushia ndizi na maharage, mpaka wanawe walipomtumia nauli akapanda treni kurudi kwao.