Uso wa Halima

Kwihara si mbali na Tabora mjini. Tembe alimokaa mpelelezi Livingstone mwaka 1872 limejengwa upya, na sasa ni makumbusho madogo: kuta nene za udongo, mlango wa nakshi za pwani, nakala za barua, ramani, picha ukutani. Livingstone yupo. Stanley yupo.

Mimi namtafuta Halima.

Halima alikuwa mpishi. Stanley alimkuta Ujiji mwaka 1871, katika msafara wa Livingstone. Mwaka uliofuata aligombana na mwanamke mwenzake, Ntaoeka, akaondoka kwa hasira, kisha akarudi kwa hiari yake. Livingstone aliyaandika hayo katika shajara. Akamsifu kwamba hakuwahi kuiba, wala hakumruhusu mumewe aibe. Akaandika pia kuwa atamwacha huru, na wakifika Unguja atamnunulia nyumba na bustani.

Walitoleana maneno gani siku ile? Na kilichomrudisha ni nini: mapenzi, mazoea, au ni kwamba mtumwa aliyeondoka njiani hana mlango wa kubisha? Halima ameachiwa mistari michache, kisha safari inaendelea.

Kwetu Lusu, upande wa Nzega, matanga yakiisha vitu vya marehemu hugawanywa. Huyu jembe, yule kanga. Mchi wa bibi ulibaki jikoni kwa mama. Umelika katikati, pale viganja viliposhika miaka na miaka, na hapo mti umekuwa mwembamba, laini, wenye weusi wa jasho. Picha ya bibi hatuna. Nimewahi kuushika mchi ule pale pale. Vidole vikapata mahali pake bila kutafuta. Je, nilimgusa bibi, au niligusa mti tu?

Labda picha ingenipa uso wake. Lakini uso bila sauti, bila moshi wa kuni kwenye nguo zake, ni wa nani? Mbona basi nautamani hivi?

Na huu utunzaji wetu wa kumbukumbu ni wa siku ngapi? Januari 1893, Wajerumani wakiivamia ngome yake hapo Unyanyembe, nchi ya Tabora, Mtemi Isike aliwasha ghala la baruti akiwa ndani. Kumbukumbu ngapi za nyumba ile zilipanda na moshi? Hata tembe la Kwihara tunalolizuru limesimama mara ya pili.

Livingstone alifariki kijijini kwa Chitambo tarehe 1 Mei 1873, Unguja hajafika, nyumba hajanunua. Wahudumu wake Chuma, Susi na wenzao waliubeba mwili wake hadi pwani, wakipitia Unyanyembe. Alizikwa Westminster, London, Aprili 1874. Jiwe la kaburi lake linasema aliletwa na mikono miaminifu. Halitaji jina hata moja la wenye mikono hiyo.