Usiku wa Baada ya Mpira

Saa nane za usiku ule mke wangu aliamshwa na ubaridi wa mashuka yaliyolowa jasho. Aliponiita niliitika, lakini majibu yangu yalikuwa ya mlevi: nilimwambia anipishe nipige kona. Alicheka kidogo, kisha akanyamaza ghafla, kwa maana alikumbuka kwamba mumewe hanywi pombe, na kwamba kila siku hujichoma sindano za insulini.

Jioni ya Jumapili hiyo nilikuwa nimecheza mpira kwa dakika 90 katika timu ya wafanyakazi wenzangu. Nilijiona mwerevu. Kabla ya kuingia kiwanjani nilipima damu nikakuta sukari 8. Wakati wa mapumziko nikala ndizi mbili. Baada ya filimbi ya mwisho nikapima tena nikakuta 6. Nilirudi nyumbani kwa madaha, nikajichoma dozi ya jioni bila kuipunguza hata tone, nikala wali kidogo kwa sababu ya uchovu, nikalala. Niliamini kwamba mchezo umekwisha.

Kumbe ndani ya misuli ulikuwa ungali unaendelea. Ndugu msomaji, mtu asiye na kisukari anapokimbia, kongosho lake hupunguza insulini lenyewe, na ini lake huongeza sukari katika damu. Sisi tunaojichoma hatuna breki hiyo. Insulini ikishaingia chini ya ngozi hairudi tena kwenye bomba. Isitoshe, misuli iliyotumia akiba yake huendelea kuivuta sukari kutoka katika damu ili ijaze ghala lake, na kazi hiyo yaweza kuendelea kwa saa nyingi, pengine hadi kesho yake. Hivyo hatari humfuata mchezaji hadi kitandani, akiwa usingizini, pasipo mtu wa kuona mikono yake ikitetemeka.

Mke wangu alinipima. Kipimo kilisoma 2.3, ilhali chini ya 4 tayari ni hatari. Alikoroga vijiko vitatu vya sukari katika nusu glasi ya maji, nami nikaisukuma glasi, maji yote yakamwagikia godoro. Binti yetu wa miaka sita alikuwa amesimama mlangoni akiona. Glasi ya pili niliinywa kwa sababu yeye ndiye aliyesema, "Baba, kunywa." Baada ya dakika 15 ikawa 3.4, nikanywa tena, ilipovuka 5 nikapewa mkate. Nilikuwa na bahati kwamba bado niliweza kumeza. Mtu aliyezimia hatiliwi kitu chochote mdomoni. Hulazwa ubavu akakimbizwa hospitali.

Asubuhi mama mkwe, aliyekwisha pata habari, alitaka niache mpira mara moja. Sikumlaumu. Lakini kliniki, muuguzi mmoja mtu mzima hakutaka kusikia habari ya kuacha. Alinikumbusha kwamba mazoezi huusaidia mwili kuitumia insulini vizuri zaidi, akanitajia Mwingereza Steve Redgrave, aliyeambiwa ana kisukari mwaka 1997, na mwaka 2000 akatwaa huko Sydney medali yake ya tano ya dhahabu ya Olimpiki katika kupiga makasia, huku akijichoma insulini. Kisha akanihoji kuhusu dozi. Alipojua kwamba mchana ule nilijichoma pajani alitikisa kichwa: paja linalokimbia huipeleka insulini katika damu upesi. Siku ya mchezo, alisema, dozi hupunguzwa, lakini kwa kiasi ambacho daktari amekubaliana na mgonjwa, maana miili haifanani. Sukari ikiwa chini ya 5, kula kwanza. Ikizidi 14, na mkojo ukionyesha ketoni, usicheze kabisa. Na kabla ya kulala pima, ule kitu, utege saa ya kukuamsha usiku upime tena.

Haya yote niliyaandika haraka haraka kama mwandishi wa habari aliye kazini. Ndipo akauliza, "Na huko kiwanjani, mwanangu, nani anajua?"

Hakuna aliyejua. Kwa miaka minne nilijichoma chooni na kuficha kipimo ndani ya soksi za akiba. Nilichelea kuhurumiwa, na zaidi nilichelea kuachwa nje ya timu. Mimi ambaye hulipwa mshahara kwa kuwauliza watu mambo yao, langu nililifungia kabatini, nikamwachia mke wangu peke yake mzigo wa kulijua.

Jumatano iliyofuata nilimweleza nahodha. Nilikuwa nimeandaa hotuba ndefu; yeye aliuliza tu napenda soda gani. Nikamjibu yoyote, mradi yenye sukari. Tangu siku hiyo chupa moja hukaa katika mkoba wa huduma ya kwanza, pamoja na bandeji. Beki wetu wa kulia amekwisha kuinywa mara mbili kwa kiu yake, na mimi nimemsamehe mara moja tu.