Kabla Hujachoma Sindano

Tanga

Mpwa wangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza wote, na nashukuru umeniamini kwa jambo ambalo vijana wengi hulificha mpaka liharibike. Unasema kifua kinatuna kama matiti, mwili mzito, hamu imepungua, na mwalimu wako wa jimu kakwambia homoni zimeshuka, kwa hiyo uchome testosteroni kabla ya harusi. Nakuomba usichome. Kazi ya utabibu niliyoistaafu imenionyesha haya mambo yanakoishia.

Testosteroni hutengenezwa kwenye korodani, lakini amri hutoka kichwani, kwenye tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo. Ubongo hufuatilia kiasi kilichomo kwenye damu. Ukiingiza ya sindano, huona imetosha na kukata amri. Korodani huacha kutengeneza ya kwake, mbegu hupungua hata kuisha kabisa, na zenyewe husinyaa. Shirika la Afya Duniani liliwahi kuijaribu sindano hiyo kama njia ya uzazi wa mpango kwa wanaume, na mimba zilizuilika kweli. Wewe unaoa, unataka watoto, halafu unauziwa kitu cha kukuzuia usizae! Anayeacha sindano, mara nyingi mbegu humrudia, ila huchukua miezi, na wengine hupita mwaka. Tena chembe nyekundu huongezeka na damu huwa nzito, hatari kwa mwenye presha.

Sasa hicho kifua. Ukilala chali, bonyeza taratibu nyuma ya chuchu. Ukigusa kinyama cha mviringo, kigumu kiasi, kinachouma kidogo, hiyo ni tezi ya titi. Ukikuta ulaini mtupu kila upande, hayo ni mafuta, na dawa yake ni kupunguza uzito. Tezi huvimba kwa sababu nyingi: ugonjwa wa ini, pombe, au dawa kama spironolaktoni, ketokonazoli na efavirenzi. Mafuta ya mwilini nayo hugeuza testosteroni kuwa estrojeni, na hata hiyo ya sindano ikizidi hugeuzwa vivyo hivyo. Niliwahi kuwaona vijana walioota matiti kwa sababu ya sindano zenyewe. Lakini ukikuta uvimbe mgumu upande mmoja, chuchu ikitoa damu, au kivimbe kwenye korodani, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Maneno ya kijiweni yasikutie hofu. Punyeto haimalizi homoni wala haipunguzi maumbile. Upara hauonyeshi nani dume zaidi. Nywele hudondoka kutokana na urithi, mizizi yake inapokuwa dhaifu mbele ya homoni ambayo kila mwanamume anayo. Supu ya pweza ni chakula kizuri, inywe, ila haitibu upungufu wa homoni. Vumbi la Kongo, ile poda ya kuongeza nguvu za kiume, liache kabisa. Dawa za namna hiyo, katika nchi nyingi, zimekutwa zimechanganywa kwa siri na sildenafili, na mwenye maradhi ya moyo anayetumia dawa za naitreti anaweza kuanguka papo hapo.

Sisemi kwamba upungufu ni uzushi. Upo, na unatesa. Wapo wanaozaliwa nao, wapo walioumwa matubwitubwi ukubwani yakaingia kwenye korodani, wapo wenye uvimbe kwenye pituitari. Ndevu hupungua, mwili haudindi tena alfajiri, mifupa hudhoofika. Daktari hupima hata ukubwa wa korodani kwa shanga 12 zilizotungwa uzini, kuanzia mililita 1 hadi 25. Kwa mtu mzima mara nyingi huanzia 15. Mgonjwa wa kweli akitibiwa na daktari huinuka. Akitaka watoto, zipo dawa nyingine zinazoamsha korodani badala ya kuzilaza.

Kwako wewe nashuku zaidi shifti zako za usiku bandarini, zinazokunyima usingizi. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago waliwalaza vijana wazima kwa muda wa saa tano tu kila usiku kwa wiki moja, na testosteroni yao ya mchana ikashuka kwa asilimia 10 hadi 15. Na wewe kitambi kimeanza, na baba yako ana kisukari. Nguvu za kiume zikilegea, mara nyingi chanzo ni mishipa ya damu, na hilo huweza kuwa onyo la kwanza la ugonjwa wa moyo.

Kwa hiyo omba zamu ya mchana kwanza, ulale vizuri siku kadhaa. Kisha nenda ukapime damu asubuhi, kabla ya saa nne, hujala kitu, maana homoni hii huwa juu asubuhi. Majibu yakiwa chini, rudia siku nyingine. Kipimo kimoja hakitoshi. Pima pia sukari, presha na ini, na mpelekee daktari orodha ya kila dawa unayomeza, pamoja na poda za jimu. Kama umeshachoma hata sindano moja, mwambie wazi.

Majibu yakitoka nipigie simu, kabla hujamlipa mtu hata shilingi.

Mjomba wako